Makasia 18 kwa basi na meli: Tabora hadi Ukerewe kwa mbio za mabweni

Imenichukua jioni tatu na daftari langu na picha za simu kuzipanga siku hizi sita. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Tabora mjini. Mpwa wangu anasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni iliyo ufukweni, kisiwani Ukerewe, na anapiga kasia katika timu ya bweni lao. Mwezi wa sita mwalimu mlezi wa klabu yao ya mitumbwi alinipigia simu. Makasia yao yamechoka, alisema, mengine yameungwa kwa waya, na mbio za mwisho za mabweni ni wikiendi ya Nanenane. Je, mjomba anaweza kuwatengenezea 18 kwa bei ya mjomba?

Nilikuwa sijawahi kutengeneza kasia hata moja. Alinitumia picha na urefu tu: sentimita 140. Nilitafuta mninga mkavu, nikafanya kazi wiki tano, nikapaka vanishi mara tatu. Yalipokauka niliyaegemeza ukutani na majirani wakaja kuyatazama.

Jumatano, 6 Agosti. Tabora – Mwanza

Basi la saa 12 asubuhi. Nauli 18,000, na mzigo konda alianza na 20,000, tukamalizana kwa 10,000. Makasia nilikuwa nimeyafunga mafurushi mawili kwa mablanketi chakavu na mipira ya baiskeli, yakalala chini kwenye buti.

Kabla ya Nzega tulisimamishwa kwenye kizuizi cha maliasili. Ofisa alifungua furushi moja, akagonga mti kwa kidole, akauliza mninga huu umetoka wapi. Nilimpa stakabadhi ya duka la mbao, akaisoma, akalifunga furushi mwenyewe na kunitakia safari njema. Ukisafiri na chochote cha mbao, hata kigoda, tembea na risiti ya mahali uliponunua mbao. Mzee mmoja nyuma yangu aliteremshwa na vinu vyake viwili kwa kukosa karatasi hiyo, na basi likaondoka.

Tinde tulikula wali maharage, 3,000. Shinyanga hadi Misungwi nililala.

Usagara alishuka kijana aliyekuwa anaelekea Geita. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda harusini, kumbe ni daraja tu: hajawahi kulivuka tangu lifunguliwe mwezi wa sita. Alinieleza alivyowahi kukaa Kigongo tangu asubuhi hadi jua la utosi akisubiri kivuko, na mama yake mgonjwa ndani ya gari. Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji, dakika chache uko Busisi. Alinishika mkono kwa nguvu akashuka.

Stendi ya Nyegezi tulifika saa 8 mchana. Dereva wa bajaji alikubali kunipeleka Kirumba kwa 8,000 na makasia yakatokeza pande zote mbili kama mabawa. Nyumba ya wageni 20,000, choo ndani. Jioni nilitembea hadi soko la Mwaloni nikala sato wa kukaanga kwa ndimu na pilipili, 7,000, huku wapagazi wakipita na magunia ya dagaa ya kwenda Kongo. Kwa mtu wa Tabora anayemla samaki akiwa amesafiri siku mbili, yule sato alikuwa habari nyingine.

Alhamisi, 7 Agosti. Mwanza – Nansio

Meli ya Nansio ilikuwa iondoke saa 3 asubuhi. Nilifika bandarini saa 1 na nusu, nikahesabu makasia: 17. Nikafungua mafurushi yote mawili pale chini, nikahesabu tena. 17. Nilijua bajaji ya jana ndiyo imebaki nalo, na namba ya dereva sikuchukua.

Saa 3 ikapita, ikatangazwa kuna shida ya injini. Saa 5, bado. Abiria walianza kutandika kanga. Mama mmoja aliyekuwa anarudi Ukara na mifuko ya sare za shule alinipa nusu ya mkeka wake na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) ya kutafuna, akaniuliza hizo fimbo ni za nini. Nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi, wafundisheni na kuogelea. Sisi tulizika." Hakuongeza neno. Mimi mwenyewe ndiye niliyekumbuka kuwa ni Ukara palepale MV Nyerere ilipopinduka, tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, na zaidi ya watu 220 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu.

Saa 6 mchana nikasikia honi getini. Yule dereva wa bajaji! Kasia lilikuwa limeteleza chini ya kiti, akaliona asubuhi alipokuwa anaosha chombo, akakumbuka kwamba nilimwambia ninakwenda Ukerewe. Alikuwa ameanzia nyumba ya wageni Kirumba, wakamwelekeza bandarini. Nilitaka kumpa 5,000 ya mafuta akakataa. "Si umesema ni ya wanafunzi? Wabeja sana mzee, fika salama." Wabeja ni asante kwa Kisukuma. Laiti meli ingeondoka kwa wakati wake, angekuta gati tupu.

Tuling'oa nanga saa 8 mchana. Nauli ya daraja la kawaida 8,000, mzigo 3,000. Mwamba wa Bismarck tuliuacha kushoto, mji wa mawe ukawa mdogo nyuma yetu, na tulipofika mdomo wa Ghuba ya Speke upepo ukatushika. Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800 na karibu nusu ni letu Watanzania. Darasani niliimba namba hizo bila kujua maana yake. Pale sitahani, maji yakipanda hadi kwenye viatu vyangu na pwani haionekani mbele, nilizielewa.

Ushauri: upepo huamka mchana. Kama unaogopa mawimbi chagua meli ya asubuhi. Beba sweta, maana ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari na jioni ni baridi ya kweli. Na meli ikichelewa, usitoke bandarini. Waliokwenda mjini kula waliachwa.

Nansio tuliingia saa 11 na nusu jioni. Mwalimu alikuwa gatini na wanafunzi sita. Walinipokea makasia mabegani wakaimba hadi kwenye gari la shule. Mpwa wangu alinishika mkono: "Shikamoo mjomba. Mbona yanang'aa hivi!" Usiku huo nililala kwa amani.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Saa 12 na nusu asubuhi ufukweni. Maji yametulia kama sinia. Klabu ina mitumbwi miwili ya mbao ya mashindano, kila mmoja wapiga kasia wanane na nahodha nyuma, na hakuna anayegusa mtumbwi bila jaketi okozi. Jaketi zimepakwa namba, na kila namba ina jina daftarini.

Mwalimu alinieleza msimu wao unavyokwenda. Unaanza Februari kwa kuogelea: kila mwanachama aogelee mita 50 na aelee dakika tano, asiyeweza bweni lake linakatwa pointi. Machi na Aprili ni mazoezi machache, mvua na radi ni nyingi. Mei ni mbio fupi. Agosti ni mbio ndefu: kutoka ufukweni hadi kwenye dumu la njano lililofungwa jiwe, mita 500, kulizunguka na kurudi. Wa kwanza pointi 10, wa pili 7, wa tatu 4. Mabweni ya wasichana ni matatu, Kome, Maisome na Rubondo. Ya wavulana Ukara, Irugwa na Bwiro. Wameyapa majina ya visiwa vya ziwa hilihili. Mitumbwi hugawiwa kwa kuchomoa vijiti mbele ya manahodha wote, kwa sababu mmoja ni mwepesi kidogo kuliko mwenzake na kila mtu anajua. Utaratibu huo nimeupenda sana, kwani ugomvi unakwisha kabla haujaanza.

Swali nililomuuliza: kwa nini Nanenane? Akanionyesha mbingu. Wikiendi hii mwezi ni mpevu. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa na hufuata giza. Mwezi ukijaa dagaa hawaji kwenye taa, kwa hiyo wavuvi wako nyumbani. Ndio wanaokaa kwenye boti za uokoaji, ndio waamuzi wa dumu. Kalenda ya mbio inapangwa na mwezi kwanza, sikukuu baadaye.

Kisha wakaingia majini na makasia yangu.

Dakika kumi za kwanza yalikuwa mazuri kuangalia. Dakika ya ishirini mtumbwi wa Kome, bweni la mpwa wangu, ulipoteza mdundo. Waliporudi, mpwa wangu alinionyesha viganja: malengelenge manne, moja limeshapasuka. Hakulalamika. Aliyesema ni nahodha wao, binti mdogo mwenye sauti nzito: "Fundi, samahani. Yanateleza yakilowa. Na ni mazito kuyarudisha mbele."

Hapo mwaloni, mahali mitumbwi inapoegeshwa, kulikuwa na mzee mmoja fundi mitumbwi, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anaziba nyufa kwa pamba. Aliomba kasia moja. Hakulitazama kwanza. Alilishika shingoni kwa vidole viwili akaliacha lining'inie, bapa likaanguka chini mara moja. Akanipeleka kwenye mizani ya kupimia sangara. Kasia langu: kilo mbili na robo. Lake alilochonga mwenyewe, limekuwa jeusi kwa mikono: kilo moja na gramu mia mbili.

Mwalimu akatupigia hesabu mchangani. Mikono hamsini kwa dakika, mbio za dakika sita, ni mara mia tatu. Kilo moja ya ziada mara mia tatu: kila mtoto ananyanyua kilo mia tatu za bure kabla hajafika nyumbani.

Niliumia. Nilikuwa nimechonga kasia kama mguu wa meza, kitu cha kusimama na kubeba. Mzee aliniambia kwa upole, "Mbao yako ni nzuri, mwanangu. Mninga haupindi. Umeogopa kuupunguza tu. Na vanishi iache kwenye kabati." Tukakubaliana kuyachonga upya yote 18 kabla ya kesho.

Tulianza saa 9 mchana. Mzee alikuwa na tezo mbili na randa moja, mimi nilikuwa na patasi na msasa nilivyobeba kwa dharura. Bapa zangu zilikuwa na unene wa milimita 25. Tulizishusha hadi 12 katikati, zikaisha kwa 8 ukingoni. Mpini ukatoka milimita 40 hadi 32. Ilipofika kuondoa vanishi, mzee alivunja chupa ya soda akanipa kipande. Unakishika kigae kwa pembe, kimelala kidogo kuelekea kwako, unavuta bila kukandamiza. Vanishi inatoka kama ganda la kitunguu, na chini yake mninga unabaki na vinyweleo vidogo ambavyo mkono uliolowa unavishika. Kwa msasa usingepata hivyo, ungelainisha tu. Nina miaka 22 kwenye kazi hii, na kukwangua kwa kigae nilijifunza siku hiyo.

Jua lilipozama mwezi ulikuwa umeshapanda juu ya ghuba, tukaendelea bila taa. Wavuvi wasio na kazi walikuja mmoja mmoja, kila mmoja akachukua kasia. Wake zao walileta ugali wa muhogo na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa nazi, na baadaye gunia la machungwa. Wanafunzi wa bweni zote walikwangua. Maisome walikuwa wanakwangua makasia yatakayotumiwa na Kome na hakuna aliyeuliza. Saa 6 usiku mizani ilisoma kilo moja na nusu, nyingine chini kidogo. Mchanga wote pale ulikuwa mwekundu kwa vumbi la mninga.

Kwa atakayekuja kutazama: usisimame kwenye maji ya matete yaliyotulia kando ya ufukwe, huko ndiko konokono wa kichocho wanakokaa. Wanafunzi hupewa dawa shuleni. Wewe ukiingia majini, wiki kadhaa baadaye nenda ukapime.

Jumamosi, 9 Agosti

Mbio zilianza saa 1 asubuhi. Nilikaa kwenye boti ya uokoaji karibu na dumu, na nashauri mgeni yeyote aombe kukaa huko, kwa sababu mbio zinaamuliwa pale. Kwenye mstari ulionyooka timu zote zinafanana. Kwenye dumu, walio upande wa ndani wanapiga kinyume mara mbili tatu, wa nje wanavuta kwa nguvu zote, na nahodha anazamisha kasia lake kama usukani. Akichelewa, mtumbwi unakwenda nje urefu wake mzima. Akiwahi, anagonga dumu na anaongezewa sekunde kumi.

Kome waliwapita Rubondo, Maisome nao wakawapita Rubondo. Wavulana wa Irugwa waligonga dumu wakashindwa na Ukara. Kisha saa 5 hivi maji yakabadilika rangi upande wa kusini, mistari myeupe, na mvuvi tuliyekuwa naye akasema neno moja: "Tutoke." Mwalimu alipuliza filimbi mara tatu na kila chombo kikarudi. Mbio ya Kome na Maisome ilibaki kwa kesho. Wazazi wengine walinung'unika, wamepanga kurudi na meli ya mchana. Mimi nasema mwalimu alifanya kazi yake. Yule mama wa Ukara angemshukuru.

Mchana wote ulikuwa wa kusubiri, kula machungwa na kufua jaketi.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada ya asubuhi na mapema, saa 1 na nusu, ukungu kidogo juu ya maji. Maisome walikuwa mbele ya Kome kwa pointi 4 za msimu. Vijiti vilichomolewa; Kome wakapata mtumbwi mzito.

Walikwenda sawa hadi mita 300. Nilikuwa nasikiliza makasia. Ijumaa asubuhi yalipiga kila moja kwa wakati wake, kama watu wanaotwanga vinu tofauti. Sasa yaliingia kwa sauti moja, na kutoka kwa sauti moja. Kwenye dumu nahodha wa Kome alisubiri, akasubiri, nikafikiri amechelewa, kisha akapiga kelele moja na mtumbwi ukageuka kwenye nafasi ya meza. Walitoka wakiwa mbele kwa nafasi za watu watatu mtumbwini, wakafika mbele kwa nafasi ya mtu mmoja. Dakika 5 na sekunde 52.

Kome walishinda mbio, wakakosa kombe. Pointi 10 kwa 7 ziliwapunguzia pengo kutoka 4 hadi 1. Pointi walizozikosa walikuwa wamekatwa Februari, kwa sababu ya binti mmoja ambaye hakuweza kumaliza mita 50. Alikuwa amekaa kiti cha tatu kwenye mtumbwi ule ule ulioshinda. Aliposikia hesabu alianza kulia, na wenzake wakamvua jaketi, wakamshika mikono na miguu, wakamrusha ziwani. Aliogelea mwenyewe hadi kwenye boti yetu, kama mita 60, akashika ukingo na kutuamkia.

Ninaomba walimu na wazazi wa vijiji vya ziwa wasome tena aya hiyo.

Jumatatu, 11 Agosti. Kurudi

Meli ya asubuhi iliondoka kwa wakati, nikalala Mwanza, Jumanne Tabora. Gharama zangu zote, kwenda na kurudi na malazi, zilikuwa kama 150,000. Chakula kisiwani sikulipa hata shilingi.

Mzee alinipa kasia lake jeusi niondoke nalo kama kielelezo. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu alilifunga kwenye shuka yake akanikabidhi. Mwalimu ameagiza mengine 6 ya akiba. Alhamisi nilipasua mbao ya kwanza: mpini milimita 32, bapa 12 katikati na 6 ukingoni, urefu sasa ufike kidevuni kwa mtoto aliyesimama, si 140 kwa wote. Nimemwomba mpwa wangu anitumie vipimo vya videvu vyao. Jana vimefika, majina nane, na la tatu kwenye orodha amelipigia mstari.